Hesabu ya Uzazi Katika Nchi Yetu

Wanafunzi, walimu wenzangu, na wazazi mnaosomewa gazeti hili nyumbani: Mhariri ameniomba niandike somo moja la Jiografia liwezalo kufuatwa na mtu ye yote, hata asiyeingia darasani. Nimechagua habari ya uzazi. Nataka tuone mwanamke wa nchi hii huzaa watoto wangapi kwa wastani, zamani alizaa wangapi, na kwa nini hesabu hiyo imebadilika.

Sababu za kuchagua jambo hili ni mbili. Ya kwanza ni kwamba habari za idadi ya watu zimo katika mafundisho yetu, na kila mwaka naona wanafunzi wakikariri maneno bila kujua hesabu iliyo ndani yake. Ya pili inatugusa zaidi sisi wa Itiryo. Kila nyumba hapa ina maneno ya shamba lipi litagawiwa nani, ng'ombe wa mahari watatoka wapi, na binti yupi ataendelea na masomo. Mambo hayo yote matatu yamefungwa katika hesabu hii moja.

Watu wamekuwa wangapi

Tuanze na hesabu ya watu, yaani sensa. Mwaka 1967, katika sensa ya kwanza baada ya Muungano, Tanzania ilikuwa na watu milioni 12.3. Mwaka 1978 walikuwa milioni 17.5, mwaka 1988 milioni 23.1, mwaka 2002 milioni 34.4, mwaka 2012 milioni 44.9, na mwaka 2022 milioni 61.7. Gawanya 61.7 kwa 12.3, utapata 5. Maana yake, katika miaka 55 kila mtu mmoja amekuwa watu watano.

Mkoa wetu wa Mara nao haukubaki nyuma. Mwaka 2012 ulikuwa na watu karibu milioni 1.74, na mwaka 2022 wakafika karibu milioni 2.37. Katika miaka kumi tumeongezeka zaidi ya laki sita.

Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba watu wa Tanzania walikuwa wakiongezeka kwa 3.2 katika kila 100 kwa mwaka. Iko njia nyepesi ya kujua watu watakuwa maradufu baada ya muda gani: chukua 70, ugawanye kwa kiasi hicho cha ongezeko. 70 kwa 3.2 ni karibu 22. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa sensa, akifika umri wa miaka 22, atakuta watu wawili mahali alipokuta mmoja, kama mwendo hautabadilika.

Kiwango cha uzazi ni nini

Wanafunzi wengi hudhani kwamba kiwango cha uzazi hupatikana kwa kuwahesabu watoto wote na kuwagawanya kwa akina mama wote. Sivyo. Wapo akina mama ambao hawajamaliza kuzaa, na wapo waliomaliza zamani. Basi wataalamu hufanya hivi. Huwagawa wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 katika mafungu saba ya miaka mitano mitano. Kisha huuliza: katika mwaka mmoja, kila wanawake 100 wa fungu hili wamezaa watoto wangapi?

Nitawapa mfano wa kijiji nilichokitunga mwenyewe. Tuseme kila wanawake 100 wamezaa hivi katika mwaka mmoja: wa miaka 15 hadi 19, watoto 10, wa 20 hadi 24, watoto 24, wa 25 hadi 29, watoto 23, wa 30 hadi 34, watoto 19, wa 35 hadi 39, watoto 13, wa 40 hadi 44, watoto 6, na wa 45 hadi 49, mtoto 1. Jumlisha, utapata 96. Kila mwanamke hukaa miaka mitano katika kila fungu, kwa hiyo zidisha 96 kwa 5, utapata 480. Hao ni watoto wa wanawake 100. Mwanamke mmoja, basi, ni 4.8.

Hapana mwanamke azaaye watoto wanne na sehemu ya mtoto. Maana yake ni kwamba wanawake kumi, wakipita katika umri wote wa uzazi kwa mwendo wa mwaka huo, watakuwa wamezaa watoto 48.

Tulikotoka

Mfano wangu nimeupanga ulete 4.8 kwa makusudi, kwa kuwa ndicho kiwango cha Tanzania kilichopatikana katika uchunguzi wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022. Zamani kilikuwa kikubwa zaidi. Kutokana na sensa ya mwaka 1967 kilikadiriwa kuwa karibu 6.6, na miaka kumi iliyofuata hakikushuka. Uchunguzi wa mwaka 1991 na 1992 ulionyesha kiasi cha 6.2. Mwaka 1996 kilikuwa 5.8, mwaka 1999 kilikuwa 5.6, mwaka 2004 na 2005 kikawa 5.7, mwaka 2010 kikawa 5.4, na mwaka 2015 na 2016 kikawa 5.2.

Tazameni mambo mawili katika orodha hiyo. La kwanza, safari ni ndefu lakini mwendo ni wa taratibu. La pili, katikati ya mwaka 1999 na 2005 hatukushuka hata kidogo. Wataalamu wengine wameeleza kwamba nchi nyingi za Afrika zilisimama wakati ule kwa sababu wasichana waliokuwa wa umri wa kwenda shule katika miaka ya shida ya uchumi, yaani miaka ya 1980 na kuendelea, hawakupata elimu ya kutosha; walipofika umri wa kuzaa, walizaa kama mama zao. Kumbukeni kwamba mjini Musoma, hapa hapa mkoani kwetu, ndiko TANU ilikokata shauri mwaka 1974 kwamba kila mtoto asome shule ya msingi. Azimio hilo lilijaza madarasa kuanzia mwaka 1977, lakini miaka ya 1980 ilipoleta dhiki, uandikishaji ukapungua. Kosa la darasani huonekana nyumbani baada ya miaka ishirini.

Mbona watu hawapungui?

Hapa ndipo wazee huniuliza swali zuri: "Mwalimu, wasema uzazi umepungua. Mbona shule zinazidi kujaa?" Majibu yako mawili, nami nawaomba mshike yote mawili.

Jibu la kwanza ni vifo vya watoto. Zamani za mwaka 1967, karibu robo ya watoto waliozaliwa hawakutimiza miaka mitano. Kama mama alizaa 6.6 na robo yao wakafa, waliosalia walikuwa karibu 5. Mwaka 2022, katika kila watoto 1,000 waliozaliwa, 43 ndio waliokufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Kama mama azaa 4.8, wanaosalia ni 4.6. Angalieni basi: watoto wanaozaliwa wamepungua karibu wawili kwa kila mama, lakini wanaokua hawajapungua hata nusu ya mtoto mmoja!

Mfano wa nyumba yetu ni huo huo. Bibi mzaa baba alizaa watoto tisa, wakakua watano. Mama yangu alizaa saba, tukakua sita. Mimi na mke wangu tunao wanne, wote wazima. Bibi hakuwa mwenye tamaa ya watoto kuliko sisi. Alizaa kama mkulima apandaye mbegu tatu katika shimo moja, akijua kwamba nyingine zitaliwa na panya. Chanjo, ambazo mpango wake wa taifa ulianza mwaka 1975, zahanati, maji safi na vyandarua ndivyo vilivyofukuza panya. Lakini mazoea ya kupanda mbegu tatu hayaondoki siku ile ile panya wanapoondoka. Huchukua kizazi kimoja au viwili, na katika muda huo watu huongezeka upesi sana.

Jibu la pili ni wingi wa vijana. Tuchukue mfano wa akina mama 100 waliozaa watoto 6 kila mmoja. Watoto ni 600, na tuseme nusu yao ni wasichana, yaani 300, wote wakakua. Wasichana hao wakizaa 4 tu kila mmoja, watoto watakuwa 1,200. Kiwango kimeshuka toka 6 hadi 4, lakini vitoto vilivyomo kijijini vimekuwa maradufu! Hali ya nchi yetu ndiyo hiyo. Sensa ya mwaka 2022 ilikuta zaidi ya watu 40 katika kila 100 hawajatimiza miaka 15. Hata kama leo kila mwanamke angezaa wawili tu, watu wangeendelea kuongezeka kwa miaka mingi, kwa kuwa mama wa kesho wamekwisha zaliwa.

Kwa hiyo asiwepo mtu wa kuwalaumu vijana wa sasa kwamba wanazaa kuliko wazee wao. Hesabu yaonyesha kinyume chake.

Uzazi haulingani po pote

Kiwango cha taifa ni wastani, na wastani huficha mengi. Mwaka 2022 mwanamke wa mjini alikuwa na kiwango cha 3.6, na wa shamba 5.5. Katika uchunguzi wa mwaka 2015 na 2016, wanawake wasiosoma kabisa walikuwa na kiwango cha karibu 7, na waliofika sekondari walikuwa chini ya 4. Wakati huo Kanda ya Ziwa, na Mara ikiwamo, ilikuwa na wastani uliozidi 6.

Mwangalie na wenzetu. Sisi wa Tarime tumepakana na Kenya. Wakuria wako pande zote mbili za mpaka, lugha moja, ng'ombe wale wale, ulezi ule ule. Kenya mwishoni mwa miaka ya 1970 ilikuwa na kiwango cha 8.1, kikubwa kuliko chetu. Mwaka 2014 ilikuwa imefika 3.9, na mwaka 2022 imefika 3.4. Aliyekuwa nyuma yetu ametupita. Kenya ilianza mipango ya uzazi ya serikali mwaka 1967. Kwetu chama cha uzazi na malezi bora, UMATI, kilianza kazi mwaka 1959, lakini Sera ya Taifa ya Idadi ya Watu ilitoka mwaka 1992.

Ziko pia nchi zilizokwenda mbali mno. Korea ya Kusini mwaka 1960 ilikuwa na kiwango cha karibu 6. Mwaka 2023 kilifika 0.72, na sasa inahangaika kwa kukosa watoto. Ili watu wa nchi wasipungue wala wasiongezeke baada ya muda mrefu, kiwango hutakiwa kiwe kama 2.1. Sisi hatuko karibu na shida ya Korea. Naitaja ili mjue kwamba hesabu hii haina wema wala ubaya peke yake. Wema wake ni kulingana na uwezo wa watu wa kuwalea waliozaliwa.

Mambo ya kwetu

Nijuavyo mimi, watu wa Mara hawazai bila kufikiri. Wana sababu zao, na mwanafunzi anayedharau sababu za wazazi wake hajajifunza Jiografia.

Kwetu mtoto ni mkono wa kazi shambani na malishoni. Binti huleta ng'ombe, na ng'ombe hao humwoza kaka yake. Mwana wa kiume hurithi boma. Mila yetu hata imeweka njia kwa mama asiyejaliwa mtoto wa kiume: mama huyo aweza kuoa mke kwa ng'ombe zake, ili watoto watakaozaliwa wawe wa nyumba yake, na hiyo huitwa nyumba ntobhu. Watu waliotunga mpango kama huo waliona kwamba nyumba isiyo na watoto ni nyumba iliyokufa. Tena, mahali pasipo na pensheni, watoto ndio pensheni ya mkulima.

Lakini sababu zilizokuwa na nguvu jana si lazima ziwe na nguvu leo. Tufanye hesabu ya shamba. Babu alikuwa na ekari 12 na wana wanne. Kila mmoja alipata ekari 3, na zilimtosha kwa mahindi, muhogo na migomba. Kila mmoja wao naye akipata wana wanne, mjukuu atarithi robo tatu ya ekari. Kitukuu atapata nini? Zamani jibu lilikuwa kuhamia pori jipya. Sasa upande mmoja ni mpaka wa nchi, upande mwingine ni hifadhi ya Serengeti, na katikati kila kilima kina mwenyewe. Ugomvi mwingi wa mipaka ya mashamba tunaousikia umeanzia katika hesabu hii ya kugawanya.

Wapo wasemao kwamba kila mtoto huja na riziki yake. Sibishani na imani ya mtu. Nasema tu kwamba riziki ya mtoto wa siku hizi imo katika daftari, sare, chakula cha mchana na miaka kumi na zaidi ya shule, nayo yapitia katika mikono ya mzazi. Mwalimu Nyerere, aliyezaliwa Butiama katika mkoa huu huu, aliwaambia wana TANU mwaka 1969, alipoeleza Mpango wa Pili wa Miaka Mitano, kwamba wingi wa watoto usitangulie uwezo wa kuwatunza na kuwasomesha. Hakuwa anachukia watoto. Alikuwa mwalimu aliyejua idadi ya madawati.

Msichana aliye shuleni

Katika mambo yote yanayoshusha uzazi, sijaona lenye nguvu kuliko msichana kubaki shuleni. Dawa za uzazi wa mpango zinasaidia. Wanawake walioolewa waliotumia njia za kisasa walikuwa kama 7 katika kila 100 mwaka 1991 na 1992, wakawa 31 mwaka 2022. Lakini mwenye kuitafuta dawa ni yule ambaye amekwisha ona kwamba maisha yake yana njia zaidi ya moja.

Uchunguzi wa mwaka 2015 na 2016 uliwakuta wasichana 37 katika kila 100 wa miaka 15 hadi 19 hapa Mara wamekwisha zaa au wana mimba, wakati wastani wa nchi ulikuwa 27. Mwaka 2022 Mara ilikuwa 31, na nchi 22. Tumeshuka, lakini tungali juu ya wenzetu. Sheria ya Elimu ilirekebishwa mwaka 2016, ikaweka kifungo cha miaka 30 kwa mtu amwoaye au ampaye mimba msichana wa shule ya msingi au sekondari. Na tangu mwishoni mwa mwaka 2021, msichana aliyekatizwa masomo kwa kujifungua anaruhusiwa kurudi shule ya serikali. Wazazi, mlijue hilo, mlango haukufungwa.

Nawaonyesha hesabu moja zaidi. Mama akizaa mtoto wa kwanza akiwa na miaka 17, na binti yake vivyo hivyo, na mjukuu vivyo hivyo, katika miaka 68 vizazi vinne huongezeka chini yake. Kama kila mmoja angesubiri hadi miaka 23, katika miaka 69 vizazi vingekuwa vitatu tu. Hata kama watoto wa kila mama ni sawa, kusubiri peke yake kunapunguza mwendo. Na ile miaka sita ya kusubiri ndiyo miaka ya Kidato cha Tatu, cha Nne, chuo, na kazi ya kwanza.

Kila mwaka katika madarasa yangu naona dawati moja au mawili yaliyobaki wazi baada ya likizo ya Desemba. Mara nyingi yalikuwa ya wasichana wenye akili. Hesabu za taifa zinatoka katika madawati hayo. Mzazi ambaye amekataa ng'ombe za mapema ili binti yake amalize masomo, huyo amefanya kazi kubwa kuliko mikutano mingi.

Mazoezi ya kujijaribu

1. Katika kijiji cha mfano hapo juu, wasichana wa miaka 15 hadi 19 wakizaa watoto 2 badala ya 10 katika kila 100, na mafungu mengine yasibadilike, kiwango cha uzazi kitakuwa ngapi?

2. Watu wa wilaya wakiongezeka kwa 2 katika kila 100 kwa mwaka, watakuwa maradufu baada ya miaka mingapi?

3. Mama wa mwaka 1991 alizaa wastani wa watoto 6.2, na watoto 141 katika kila 1,000 walikufa kabla ya miaka mitano. Walisalia wangapi kwa kila mama? Linganisha na 4.6 ya mwaka 2022, kisha eleza kwa maneno yako mwenyewe.

4. Nyumbani kwenu, muulize bibi, kisha mama, watoto waliozaliwa na waliokua. Muulize kwa adabu na wakati wa utulivu. Wazee wengi hawapendi watoto wao wahesabiwe, na kila mtoto aliyekufa bado ana mama anayemkumbuka. Akikataa kujibu, mshukuru na uache. Akijibu, msikilize mpaka mwisho kabla ya kushika kalamu.

Majibu: (1) 4.4. (2) Miaka 35. (3) Karibu 5.3. Jibu la swali la nne kila mtu ataleta lake darasani, nasi tutaliweka ubaoni bila majina.